Wifi, Mchome Sasa Hivi

Watoto wa kaka yake walimwita Shangazi Panya, naye hakukasirika, maana panya ndio waliomlisha. Kazi yake maabarani ilikuwa kuchunguza tezi za adrenali, vijitezi vinavyokaa juu ya figo kama kofia. Za panya jike zilikuwa kubwa kuliko za dume, na seli zake zilijifanya upya haraka zaidi. Seli hizo zilipashana ujumbe gani, na kwa nini kwa madume ujumbe ulififia? Swali hilo halikumpa raha, kwa kuwa tezi kama hizo za kaka yake mkubwa zilikwisha kufa. Kaka aliishi kwa vidonge vya homoni ambazo tezi hizo hutengeneza.

Asubuhi moja, akiwa katikati ya kukata tezi vipande, simu ikalia. Mke wa kaka.

"Wifi, kaka yako anatapika tangu alfajiri. Vidonge havikai tumboni. Sasa anaropoka, hata mimi hanijui!"

Akaweka kisu chini. "Sindano ya dharura iko wapi?"

"Kabatini. Ila gari la wagonjwa nimeshaliita."

"Usilisubiri. Mchome sasa hivi."

"Mimi? Nikimuua je?"

"Sindano haitamuua. Kuchelewa ndiko kutakakomuua. Weka simu sauti kubwa, tuko pamoja."

Akasikia kabati likifunguliwa kwa kishindo, kisha kwikwi. Akamwelekeza taratibu jinsi ya kuchanganya dawa na kuivuta kwenye bomba.

"Sasa paja, upande wa nje. Fundi cherehani mzima unaogopa sindano?"

"Hii haishoni gauni!" wifi alifoka.

Ikasikika nguo ikivutwa.

"Wifi?"

"Nimechoma."

Gari lilipofika, kaka alikuwa ameanza kuita majina ya wanawe. Hospitalini walimtundikia dripu, na jioni dada yake alimkuta ameegemea mto, midomo imemkauka.

"Hao majike wako," alisema kwa sauti ya kukwaruza, "hawawezi kuniazima tezi moja?"

"Ningeweza, ningewaibia."

Kaka akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. Shangazi Panya akatoka upesi hadi ukumbini, akaketi karibu na wifi yake. Wakashikana mikono.

Kesho yake alikuta vipande alivyoviacha mezani vimekauka, havifai tena. Akavaa glavu, akaanza upya.