Msomaji wa Kila Dakika

Kazini walimwita Fundi Toni, na wapo wenzake waliostaafu wakiamini hilo ndilo jina alilobatizwa. Wapi! Kwa miaka thelathini na mmoja alipima laini za simu. Anainua mkono wa simu, anasikiliza ule mlio, toni, ukilia sawasawa anakata na kuandika "ipo" kwenye daftari. Akikuta watu wanaongea, anachomoa waya mbio kama mtu aliyefungua mlango wa bafu lenye mtu ndani. Wenzake walikuwa na umbea wa mji mzima, yeye hakuwa na hata wa mtaa mmoja, na alijivunia hilo kupita kiasi.

Sasa amestaafu, mkewe amefariki huu mwaka wa tatu, na nyumba ya vyumba vinne imebaki yake peke yake. Mwingine angefuga kuku. Yeye alifunga vihisi. Ukutani jikoni, kando ya jokofu, ametundika tableti inayomweleza habari zote za nyumba: maji ya tangi yamefika wapi, geti limefungwa au liko wazi, taa ya barazani inawaka au la. Chini ya hayo kuna safu ya tovuti tano anazozilinda, maana ugonjwa wa kupima haukumtoka. Kompyuta kuukuu iliyo juu ya kabati hubisha hodi kwenye tovuti hizo kila dakika. Ikiitikiwa, inaweka alama ya kijani. Isipoitikiwa, taa ya jikoni inageuka nyekundu, na Fundi Toni anaacha sahani palepale akatafute kulikoni.

Nne kati ya hizo ni za watu waliomwomba msaada: zahanati, shule, duka la vifaa vya ujenzi na chama cha wastaafu. Ya tano ni ya binti yake wa pekee, muuguzi aliye nchi ya mbali, na humo huandika habari za siku zake. Baba mwenyewe ndiye aliyemtengenezea alipokuwa anaondoka. Zile nne aliziandikia "ipo". Hii ya tano vidole viliandika "yupo", na hakurekebisha. Tovuti si mtu, hata mtoto wa darasa la kwanza angemsahihisha, lakini nani alikuwa anaingia jikoni mle kumsahihisha? Kila asubuhi aliinua macho, akaona yupo, moyo ukatulia, akachemsha chai ya kikombe kimoja.

Kusoma, hakusoma. Hata siku moja. Alijiambia kwamba kazi ya mpimaji ni laini, na yanayosemwa humo ni ya wenyewe. Hiyo ilikuwa nusu ya ukweli. Nusu nyingine ni kwamba aliogopa kumkuta marehemu humo, katika maneno ya mtoto, na hakuwa na pa kumweka.

Enzi za mkewe, simu ilikuwa ya mama na mwana. Yeye alipiga kelele tu kutoka kwenye kiti, "Msalimie!" Siku hizi binti humpigia Jumapili jioni, dakika nne hivi. Afya, hali ya hewa, haya baba, haya mama.

Jumapili hiyo simu iliita asubuhi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Mbona mapema, kwema?"

"Kwema. Nina swali tu. Kule kwenye ukurasa wangu niliweka kihesabu, kinanionyesha wanaoingia, wanakotoka na wanachofungua. Baba, sina wasomaji. Wawili watatu, wanachungulia wanapita. Ila kuna mmoja wa huko nyumbani. Huyo anafungua ukurasa wa mwanzo kila dakika. Kila dakika, baba! Nikitoka zamu nimechoka, naangalia kama bado yupo. Namkuta yupo."

Fundi Toni akatazama juu ya kabati. Kompyuta ilikuwa inanguruma zake taratibu.

"Ni wewe?" binti akauliza.

Sauti ilikuwa laini, imeshika pumzi. Fundi Toni, bingwa wa milio, akaisikia kuwa ni furaha. Tangu msiba hajawahi kumfurahisha mtoto huyu kwa lolote, na hapa furaha ilikuwa imeletwa hadi mlangoni, bado kuipokea tu.

"Ni mimi," akasema.

"Kila siku?"

"Kila siku, mama. Sijakosa hata moja."

"Basi uliisoma ile ya Machi."

"Eeh."

"Ya upasuaji."

Fundi Toni akageukia ile alama ya kijani.

"Uliisoma," binti akasema, na sasa sauti ilikuwa imepoa kabisa. "Ukajua nimelazwa. Ukajua nimesaini karatasi zote mwenyewe. Halafu Jumapili ukaniuliza kama huku kuna mvua."

Akavuta kiti, akaketi. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Angeshikilia uongo wake, angekuwa baba aliyejua akanyamaza. Angesema kweli, angekuwa baba ambaye hakujua kitu. Alizipima njia zote mbili, na hakuna iliyokuwa nzima.

"Mama, nimekudanganya. Sijasoma. Hiyo ni mashine yangu, inabisha hodi kuona kama ukurasa unafunguka. Haisomi. Na mimi sijasoma hata neno moja. Nilikuwa naona alama ya kijani, basi najua uko salama."

Akangoja akatiwe simu. Upande wa pili ilitoka pumzi ndefu.

"Afadhali," binti akasema.

"Nini?"

"Afadhali hukusoma. Miezi minne nimekaa nikidhani baba yangu alisoma ile, akaona haimhusu. Nilikuwa nashindwa kuuliza." Akacheka kidogo, kicheko kisicho na raha. "Kwa hiyo hakuna mtu aliyesoma."

"Hakuna."

"Haya. Naingia zamu. Haya baba."

"Haya mama."

Alikaa hapo mpaka chai ikapoa. Kisha akaitoa tableti ukutani, akavaa miwani, akaitafuta ile ya Machi. Haikuwa ndefu. Binti aliandika kwamba siku ya upasuaji muuguzi mwenzake alimletea fomu, akamwuliza nani apigiwe simu mambo yakiharibika. "Mkono wenyewe uliandika namba ya mama, kabla sijafikiri. Yule mwenzangu akaijaribu, akarudi kuniambia haipatikani. Nikamwambia aiache hivyohivyo, sina nyingine."

Alisoma akafika mwisho, akarudi mwanzo, akasoma tena. Machozi yakamdondokea kwenye kioo, ukurasa ukarukaruka, akaupangusa kwa kiganja.

Adhuhuri ukaingia ujumbe kutoka kwa binti, wakati wa mapumziko yake: "Kihesabu kinasema kuna mtu amekaa kwenye ile ya Machi saa nzima. Mashine yako imeharibika?"

Fundi Toni aliandika maelezo marefu, akayafuta. Akaandika pole, akaifuta nayo, kwa kuwa ilikuwa imechelewa miezi minne. Mwishowe akatuma maneno machache.

"Ile namba ya mama ifute. Andika yangu."