Nenda Mnadani na Bolti Yako

Siku moja naikumbuka, mwanangu, ingawa mpaka leo sijaielewa yote. Umeniuliza ununue spana gani ya kipimo kwa ajili ya pikipiki yako, ile inayolia "tak" bolti ikishakazwa vya kutosha. Swali lako ni dogo. Jibu lake mimi nililipata kwa kumtembeza mtu juani, basi nivumilie.

Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mchanga. Sisi wa Mbulu tulikuwa tumeambiwa si wa Arusha tena, na kwenye barua tuliandika Arusha, tukafuta, tukaandika Manyara. Pikipiki nazo ziliingia kwa wingi kuliko mafundi. Nilikuwa fundi kijana kutoka Tlawi, nimefundishwa na Mzee Tluway, ambaye alikaza kila kitu kwa mkono huku amefumba macho, kama anayesikiliza redio ya mbali. Nilimwona amepitwa na wakati. Ndipo nikaenda mnadani Katesh.

Muuzaji alikuwa na spana mbili za kipimo. Moja fupi kama mwiko, nyingine ndefu, nzito, inang'aa. Kila moja ilikuwa na safu mbili za namba zisizofanana.

"Namba za kweli ni zipi?" nikauliza.

"Zote."

Nikazidi kuchanganyikiwa. Kuuliza si ujinga, tunasema, lakini kijana anayetazamwa na watu husahau methali zote. Nikachukua ile ndefu. Niliwaza kwamba kikubwa hakishindwi na kidogo. Kipya kinyemi ingawa kidonda, mwanangu.

Pikipiki ya kwanza kuonja spana ile ilikuwa ya nesi Mwanaidi, mtu wa Tanga aliyepangiwa kazi kwetu. Kesho yake alikuwa anateremka Yaeda Chini na kisanduku cha chanjo, na kina mama walikuwa wameshapewa habari wakusanyike na watoto. Nilimwaga oili ya zamani, nikarudisha bolti ya chini ya injini, nikashika spana yangu.

"Fundi, hiyo ni ya pikipiki au ya trekta?"

"Hii haikosei, dada. Ikifika inalia yenyewe."

Nikakaza nikisubiri ilie. Haikulia. Nikaongeza. Mkono uliniambia imetosha, spana ikanyamaza. Nimsikilize nani? Nikamfuata aliyenyamaza. Mara nyuzi zikakatika, bolti ikalegea mkononi kama jino bovu, na spana bado kimya. Nikaweka oili mpya, nikapapasa chini: haivuji. Labda ndivyo inavyotakiwa, nikajiambia. Sikusema neno. Nesi akaondoka.

Bolti ilichomoka kwenye mteremko. Oili ikaisha njiani, injini ikakamata, haizunguki tena. Mwanaidi alibeba kisanduku kichwani, akafika alasiri, barafu imeyeyuka, chanjo hazifai tena. Wapo kina mama waliokuwa wametembea tangu alfajiri. Walirudi na watoto wao vilevile walivyokuja.

Siku ya tatu pikipiki ililetwa kwa lori. Nilijiandaa kutukanwa. Nesi alisema tu, "Ulijua, fundi. Ungeniambia."

Nikaenda kwa Mzee Tluway na spana yangu begani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ulinunua spana, au ulinunua urefu?"

Nikaishusha spana chini.

"Ukienda kununua mpini, unabeba nini?"

"Jembe, mzee." Kwetu hata mtoto anajua hilo. Unafika na jembe lako, unajaribu mpini kwenye tundu lake hapo hapo.

"Na bolti uliiacha wapi?"

Nilimtengenezea nesi injini yake. Yeye ndiye aliyenisomea kile kitabu kidogo kilichokuja na pikipiki. Zile safu mbili, kumbe, ni nguvu ileile kwa vipimo viwili, kama mahindi ya debe na ya kilo. Na bolti ile ilitaka namba ndogo kuliko namba ya kwanza ya spana yangu ndefu. Ningesubiri ilie mpaka leo.

Kwa hiyo, mwanangu, usianze na spana. Anza na bolti zako. Soma kitabu cha pikipiki yako, andika namba ya bolti ndogo kabisa na ya ile kubwa, uende nazo mfukoni. Spana isiyoweza kushuka mpaka kwenye ile ndogo, iache, hata ikikung'aria. Usichanganye safu. Kama moja haitoshi zote, nunua mbili. Kuhusu mkono na spana vikibishana, sijui bado nani wa kuaminiwa. Najua kwamba hapo unasimama. Na ukishaharibu, mwambie mwenye safari kabla hajawasha.

Mungu akupe mkono unaosikia, akupe na mdomo usiochelewa. Wanaokusubiri mwisho wa njia wakuone unafika.