Besi Mlangoni

Sasa nina gitaa la besi la umeme nililochongewa kwa oda, na spika kubwa. Lakini kila nikifungua sanduku lake, harufu ya mninga na vanishi hunifanya nishindwe kutulia.

Mjomba wangu naye alichongewa la kwake, na fundi wa kijijini Mabwerebwere. Tulipohamia kijiji cha ujamaa, umeme tuliuacha Kilosa mjini. Basi kila jioni, tukishatoka shamba la pamoja, alikaa nje, akaegemeza kichwa cha gitaa kwenye mlango wetu wa mbao, akapiga. Mlango ulinguruma kama spika. Mimi nilikaa ndani, shavu kwenye ubao, sauti ikinifika mpaka kwenye meno.

"Kesho lori la pamba linakwenda mjini," alisema siku moja kupitia mlangoni. Mguu wake ulikuwa ukigonga chini, hautulii.

"Utarudi lini, mjomba?"

Alipiga noti moja nzito, akaiacha ififie yenyewe.

Lori liliondoka naye. Msimu ule wote mama alinikuta palepale, shavu ubaoni.

"Toka mlangoni, mwanangu," alisema. "Watu wapite."