Zamu ya Baba Kujibu

Baba na mtani wake walikuwa wamekubaliana kwamba atakayetangulia kufa, mwenzake ataingia kaburini kwanza, ajilaze chali, agome kutoka mpaka wafiwa wampe chochote, hata kipande cha sabuni. Kwetu ndivyo watani wanavyozika. Sisi ni Wakwere, babu yetu alitoka Miono. Mtani wa baba alikuwa Mnyamwezi, na utani wa watu wake na wetu ni wa tangu enzi za misafara ya bara. Mtani anakutukana msibani, anamwigiza marehemu alivyokuwa anatembea, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Mtani akinyamaza ndipo watu wanaanza kuulizana kuna nini.

Baba alikuwa fundi cherehani. Alishona kanzu barazani kwetu, Dunda, na swala haikumpita. Mtani alikuwa fundi mwashi, Mkristo wa kanisani kila Jumapili, na jioni alikuja moja kwa moja kutoka kazini, saruji imemkaukia miguuni. Walikuwa na ugomvi mmoja tu, nao niliukuta nilipozaliwa: Mungu anaweza kuwa mtu, au hawezi?

"Huyo Mungu wako alinyonya?" baba alizoea kuanza.

"Alinyonya."

"Akalia?"

"Akalia, akabebwa mgongoni. Kwani wewe hukubebwa?"

"Astaghfirullah," baba alisema, huku mabega yanamtikisika kwa kicheko.

"Wewe kila siku unaniambia anaweza yote. Sasa hili la kuwa mtu tu ndilo limemshinda?"

"Halijamshinda. Halimfai. Mimi naweza kutoka hapa uchi, nikazunguka soko la samaki lote. Sitoki. Utasema siwezi?"

"Usitoke, mtani. Samaki wenyewe watarudi baharini."

Nilikulia ndani ya mabishano hayo kama wengine wanavyokulia ndani ya redio. Sikuwahi kuona mmoja wao akiondoka amenuna. Baba hakulegeza hata neno moja la imani yake, wala yule mwenzake hakulegeza la kwake, na kahawa ilinyweka.

Lililowatenganisha ni simu. Jioni moja mtani alisema, "Basi Mungu wako anaogopa vumbi, asije akachafua kanzu," na baba akacheka mpaka akavua miwani ajifute macho. Mteja mmoja aliyekuwa anasubiri nguo yake alirekodi. Kesho yake maneno yale yalikuwa yamezagaa kwenye makundi ya WhatsApp, yamekatwa vizuri, kicheko cha baba hakimo. Walioyapokea walimsikia Mkristo akimtukana Mungu kwenye baraza la Mwislamu.

Kaka yangu anafundisha madrasa, na kwenye mihadhara ya hadharani ndiye anayeshika kipaza sauti. Watu walimwuliza kwao ni nyumba ya namna gani. Alikuja na uso umemsawijika.

"Baba, yule mzee asikanyage hapa tena."

"Ni mtani wangu, mwanangu."

"Kwenye Mungu hakuna utani, baba."

Nilitaka kumrukia. Yeye mwenyewe utotoni alikuwa akimfungulia mtani yule mlango na kumtukana ukoo mzima kabla hajampa shikamoo. Lakini wateja walishaanza kupeleka vitambaa kwa mafundi wengine, na mtani alipolisikia hilo aliacha kuja kwa hiari yake, ili cherehani ya baba isilale njaa. Baba alishona peke yake. Nikipita barazani namkuta ameinua kichwa kama anayetaka kusema jambo, halafu anakirudisha kitambaani.

Haukupita muda mrefu, kiharusi kikamwangusha. Upande mmoja ukafa, maneno yakawa yanatoka kwa shida. Kaka alimwogesha kwa mikono yake mwenyewe na kumsomea, siwezi kumnyima hilo. Ila kwa mtani mlango wetu ulibaki umefungwa. Basi nikawa mimi ndiye mpagazi wao. Mtani alikuwa anajenga ukuta kwenye njia ninayopita nikienda kununua samaki, na kila nikipita nilisimama.

"Shikamoo, mtani."

"Marahaba. Yule mvivu hajafa tu?"

"Anasema anakusubiri utangulie."

Nilibeba maneno yao kwenda na kurudi, nikayafikisha kama yalivyo, hata yale yaliyonitia hofu kuyatamka. Kaka akiwa madrasa, nilikaa pembeni ya kitanda nikamweleza baba alichosema mwenzake, na jicho lake zima liling'aa. Ilikuwa ndiyo dawa pekee niliyoiona ikifanya kazi.

Siku moja mtani aliweka mwiko chini. "Mwambie hivi. Anasema hawezi kutoka uchi sokoni. Sawa. Yeye yuko bafuni anaoga, nyumba imeshika moto, wewe mwanawe umo ndani unalia. Atatafuta kanzu kwanza?"

Nilimfikishia baba. Akafumba macho. Nikimwuliza, "Nikamjibu nini?" alisema tu, "Ngoja." Ikapita wiki, ikapita na nyingine. Niliogopa kwamba ameshindwa, na kwamba nimempelekea kitandani kitu kisichobebeka. Sikupata usingizi kwa ajili ya swali lile.

Alasiri moja akanishika mkono. Aliongea polepole, neno baada ya neno.

"Mwambie ningetoka uchi. Mimi ni mtu, moto unanishinda nguvu. Mungu, moto ni wake. Anauambia zima, unazima. Hana haja ya kukimbia." Akapumzika, mdomo ukavutika upande mmoja kwa kicheko. "Hapo amekwisha."

Nilipanga kulipeleka jibu asubuhi. Baba akafariki alfajiri.

Wanawake wa kwetu hatuendi makaburini. Yaliyotokea huko alinisimulia mume wangu. Mtani alisikia tangazo la msikitini akiwa kazini, akaja vilevile, pekupeku, na saruji yake. Alipita katikati ya watu mpaka ukingoni, akateremsha mguu mmoja kaburini. Kaka akamshika mkono. Hakuwa amekasirika, machozi yalikuwa yanamtiririka. "Mzee, nakuomba. Si leo." Mtani akautoa mguu. Akasimama nyuma mpaka mwisho, hakutukana mtu, hakumwigiza marehemu. Watu walirudi wakimsifu kwamba amejiheshimu. Mimi niliposikia sifa hizo moyo uliniuma kuliko nilipoona jeneza linatoka.

Baadaye akaja nyumbani, akakaa kwenye ngazi ya baraza, karibu na cherehani iliyofunikwa kanga. Nikatoka kwenye mkeka nilipokuwa nimekaa na wanawake wenzangu, nikamfuata. Nilingoja aseme baba amekufa na kanzu za watu hazijaisha, ameona afadhali kaburi kuliko kudaiwa. Alikuwa anabandua saruji vidoleni.

"Mtani, tukana basi!" nilisema, na sauti ikanitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Atajuaje kama umekuja?"

"Nimeambiwa si leo."

Ndipo nikampa jibu la baba, lote, kama nilivyolipokea. Alilisikiliza ameinamisha kichwa. Akacheka kidogo. "Mjanja huyu," akasema. Akabandua kipande kingine cha saruji, halafu akainua uso, na kwa mara ya kwanza siku ile nilimwona ni yeye.

"Mwambie sawa, moto utazima. Lakini yule mtoto mle ndani, kwenye moshi, peke yake, atajuaje kama baba yake yupo?"

Nikainuka. Sikufikiri, miguu ilishazoea. Nilipita katikati ya wanawake, nikaingia ndani, nikausukuma mlango wa chumba cha baba. Kitanda kilikuwa kimesimamishwa ukutani, na godoro lilikuwa limetolewa nje kuanikwa.