Barua Aliyopokea Mama Masanja

Mimi ni katibu wa wachimbaji wadogo Rwamgasa; kompyuta nimejifunza mwenyewe. Duara, yaani shimo letu la dhahabu, lilipoporomoka, kwenye orodha ya waliofukiwa, ndani ya kompyuta, nilificha mistari ya walionusurika, kisha makro yangu, programu ndogo niliyoiandika, ikatengeneza barua za rambirambi kwa mkupuo. Nikajipongeza, nikazituma kwa barua pepe, bila kuzifungua, kwa mwakilishi wetu Ushirombo azichape na kuzigawa. Sikujua makro husoma hata mistari iliyofichwa.

Kesho yake nilikwenda Ushirombo kuhani pamoja na Masanja, aliyenusurika lakini simu yake ikabaki duarani. Tulipitia kwao kwanza. Uani kulikuwa na turubai na vilio.

“Katibu, kwetu kafa nani?” Masanja aliniuliza.

Mama yake alitoka amenyoa nywele, ameshika barua yenye jina langu mwishoni. Alimtazama mwanawe, akanigeukia.

“Katibu, jana ulinifanya nimlilie nani?”