Mwalimu Aliyerudi Kusema Amekosea

Habari za kifo chake zilinikuta sokoni Ruangwa, nikichagua mbaazi. Mwalimu mmoja tuliyefahamiana naye zamani alinipigia simu akasema, "Yule mama wa makundi ametutoka. Tunamzika Nachingwea leo baada ya alasiri." Hakuhitaji kutaja jina. Mwalimu yeyote wa huku kwetu aliyewahi kuhudhuria semina angejua anasemwa nani. Nilibaki nimesimama na mfuko mkononi, nisijue nimlilie vipi, kwa sababu kwa miaka kadhaa nimeshindwa kuamua namwonaje mwanamke yule. Naandika wiki hii nikiwa bado sijaamua, na msomaji wangu anivumilie.

Alikuwa mwalimu wa darasani kabla ya kupewa kazi ya kuwafundisha walimu wenzake. Wakati fulani alirudi kutoka mafunzoni na jambo jipya: kwamba kila mtoto ana njia yake ya kujifunza. Wapo wa macho, wapo wa masikio, wapo wa mikono, na ukimfundisha mtoto wa mikono kwa maneno unajichosha bure. Nilikwenda kumwona akilionyesha katika shule moja ya Narung'ombe. Watoto walikaa makundi matatu, kila kundi na karatasi yake ya manila ukutani, yenye picha ya jicho, sikio au mkono. Wa macho walitazama michoro, wa masikio walisomewa, na wa mikono walikuwa nje wakifinyanga herufi kwa udongo. Darasa lilichangamka kama siku ya sikukuu. Walimu walifurahi, wazazi walifurahi, na mimi nilifurahi nao. Nani asingefurahi kuambiwa kwamba mtoto wake si mzito, ila hajafundishwa kwa njia yake?

Katika kundi la mikono alikuwamo binti wa darasa la tatu, mtoto wa mkulima wa ufuta na korosho. Nyumbani kwao wanazungumza Kimwera, Kiswahili wanakutana nacho shuleni na sokoni. Miaka miwili alifinyanga herufi nzuri kuliko wenzake wote, lakini ukizipanga herufi zilezile ubaoni zikawa neno, hakuweza kulisoma. Hakuna aliyeshtuka, maana ilishajulikana kwamba yeye ni wa mikono. Baba yake alianza kusema hakuna haja ya kumsumbua na vitabu. Akikua atatafutiwa cherehani.

Kisha marehemu akamwomba mwalimu mkuu aitishe mkutano wa wazazi. Nilikuwapo. Alisimama mbele, kilemba chake kimekaa sawa, akasema bila kuzunguka: "Wazazi wangu, yale niliyowaambia kuhusu makundi si kweli. Nimesoma zaidi, nimeuliza. Watafiti walipolipima jambo hili, hawakuona kwamba mtoto anaelewa zaidi akifundishwa kwa kundi lake. Mtoto anaweza kupenda picha, lakini kupenda si kuelewa. Nilikosea, na nikawakosesha walimu wenu."

Baba wa yule binti aliinuka. "Samahani, Mwalimu. Nyumbani tumeshasema huyu mtoto ni wa mikono. Mama yake anajua, bibi yake anajua, na mwenyewe anajua. Sasa kuanzia leo ni wa nini?"

Watu walicheka. Marehemu hakucheka.

"Ni wa kufundishwa kusoma, baba. Kama wenzake."

"Na kesho ukisoma tena, utakuja kutuambia hivi tena?"

"Nikikuta nimekosea, ndiyo. Nitakuja."

Mkutano ulivunjika kwa manung'uniko. Walimu wengine walikataa kubandua zile manila. Mmoja aliniambia, "Juzi macho na masikio, leo hakuna macho wala masikio. Nimwamini lini?" Mtu anayesema kitu kwa uhakika, kisha akasema kinyume chake kwa uhakika uleule, unamsikiliza kwa sikio gani?

Baada ya hapo alianza kuja Narung'ombe kila Jumamosi kwa bodaboda kuwafundisha yule binti na wenzake wachache waliobaki nyuma. Hakuleta michoro. Alianza na sauti za herufi, akaziunganisha zikawa maneno, na kabla ya somo jipya alifunga kitabu na kuuliza yale ya wiki iliyopita. Nilihudhuria mara moja nikaona kama ni mateso. Binti alikwama, jasho likamtoka, nami nikataka kumnong'oneza jibu. "Mwache," marehemu akaniambia. "Anapolitafuta mwenyewe kichwani, ndipo linapokaa." Alimruhusu aeleze maana kwa Kimwera kwanza, Kiswahili baadaye.

Yule binti sasa anasoma. Anasoma polepole, kidole kikifuata mstari, lakini anasoma. Nilimwendea marehemu nikitaka kuandika kwamba mbinu mpya imefaulu. Akanikatiza. "Usiandike hivyo. Nimekaa naye kila Jumamosi. Nimemwacha aongee lugha yao. Baba yake ameacha kumwambia ni wa mikono. Kipi kimefanya kazi? Utafiti unanipa sababu ya kujaribu, lakini mtoto mmoja hawezi kunijibu." Niliondoka nimechanganyikiwa kuliko nilivyokwenda. Nilitaka ushindi, akanipa swali. Na huku kwetu maswali hayatuishii. Kila mwaka inakuja semina mpya, mbegu mpya, dawa mpya ya mikorosho, yote kwa sauti ya uhakika. Tunapokea, tunapiga makofi, kisha jambo linapotea kimyakimya na hakuna anayetuambia lilikwenda wapi.

Makaburini, baada ya dua, nilimkuta baba wa yule binti akikung'uta mchanga kwenye kanzu yake. Alikuwa ametoka Narung'ombe asubuhi. Nikamuuliza kama alikwishamsamehe.

"Kumsamehe nini? Alinichanganya, hilo kweli, na mpaka leo sijui lipi la kwake nishike," akasema. "Lakini mimi nimedanganywa sana katika maisha. Wengine walijua wananidanganya, wengine hawakujua. Katika wote hao, ni yeye peke yake aliyepanda pikipiki akarudi kuniambia."

Sijui kama hilo linatosha kumfanya mtu awe mwalimu bora. Miaka ya yule binti iliyopotea kwenye udongo haitarudi, na uungwana wa kukiri haukuirudisha. Ninachojua ni kwamba mtaalamu mwingine akija na jambo lake jipya, sitamuuliza tena kama ana uhakika, maana wote wanao. Nitamuuliza: ukigundua umekosea, utarudi?