Chale za Bibi

Harufu ya gome la mkoko lililochunwa bichi hunikumbusha damu. Nisamehe, msomaji wangu, kwa kuanza hivyo. Wenzangu wakikumbuka utoto, hukumbuka halua.

Enzi za Mwingereza, Mbwera kwetu walikuja wanaume kutoka ng'ambo ya Ruvuma, kwa Mreno, kukata boriti za mikoko. Walikuwa Wamakua. Walisonga ugali kama sisi, waliwatia watoto wao jandoni kama sisi, na kwao pia neno la mjomba lilikuwa zito kuliko la baba. Ila walikuwa na chale usoni na meno yaliyochongwa, na sisi watoto tuliambiwa yale ni meno ya kazi.

Siku mtoto wa jirani alipopotea, hakuna aliyeuliza mengi.

"Mumiani huyo! Ananyonya damu za watoto!"

Wanaume wa kwetu walimburuta Mmakua mmoja, Saidi, mpaka uwanjani wakampiga kwa fito mbichi za mkoko. Nilisikia mkono wake ukivunjika, kama kuni kavu. Jino lake moja lilianguka karibu na mguu wangu. Kisha mtu mmoja akainua shoka.

Ndipo Bibi akajipenyeza katikati. Bi Mwanahawa, bibi yangu, aliyekalia jamvi la mbele, la waungwana, kwenye kila harusi. Aliwapa mgongo, akateremsha kanga mpaka kiunoni.

Chale zile nilizijua. Nilizisugua kwa dodoki kila Ijumaa. Nilidhani mabibi wote wanazo.

"Tazameni uso wake, kisha tazameni mgongo wangu," alisema. "Mimi nililetwa Kilwa na kamba shingoni. Haya, mumiani mwingine huyu. Nani ataanza?"

"Jifunike, mama, tunakuomba," alisema mwenye shoka, macho chini.

"Tupa shoka, nitajifunika."

Akalitupa.

Jioni mtoto alionekana: alikuwa amelala ndani ya mtumbwi wa shangazi yake. Saidi alipona, mkono ukabaki umepinda.

Kwenye harusi iliyofuata, Bibi alioneshwa jamvi la mlangoni, pamoja na wajukuu wa watumwa. Nilifurahi kweli, kwa kuwa sinia la pilau lilitufikia sisi kwanza! Bibi akanichagulia mnofu, akacheka nami.

Nilishakuwa na wajukuu wangu ndipo nilipoelewa. Ile siri aliitunza tangu usichana wake, na watu wa Mbwera aliwajua vizuri. Alikwishaliona jamvi lile la mlangoni kabla hajagusa kanga yake.